Chumvi ya taka si tatizo, tatizo ni kuificha

HAPA Marekani takataka ni mali. Machicha ya viwanda vya bia hulishwa ng'ombe, na wapo wanaotaka hata chumvi iliyokwisha kutumika viwandani isafishwe, igeuzwe madini ya kulambisha kondoo.

Sisi wa Afrika Mashariki tusishangae. Katwe, magharibi mwa Uganda, chumvi ya mawe isiyofaa mezani huuzwa kwa wafugaji. Sipingi jambo hilo. Kutupa chumvi wakati mfugaji wa Kajiado au Longido anainunua dukani ni israfu.

Lakini kondoo si ng'ombe. Mwaka 2005 Baraza la Taifa la Utafiti, lenye makao hapa Washington, lilitoa viwango vya madini ambavyo mnyama anaweza kuvumilia. Kwa shaba, ng'ombe anavumilia miligramu 40 katika kilo ya chakula. Kondoo ni 15 tu. Ikizidi, hujilimbikiza kwenye ini kwa wiki au miezi bila dalili yoyote. Siku akipata msukosuko, kama njaa au safari ndefu, ini huimwaga shaba hiyo kwenye damu. Macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, na baada ya siku chache kondoo amekufa. Mwenye zizi atasema amerogwa.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, hiyo chumvi ya taka imetoka wapi? Kama imepitia kiwanda cha metali, inaweza kuja na shaba au risasi. Kama imekausha ngozi, inaweza kubeba vimelea vya kimeta. Kama imetoka maziwa ya Bonde la Ufa, mfano Magadi na Natron, inaweza kuja na floraidi, ile ile inayoharibu meno ya watoto wetu kule Arusha. Mifugo nayo ina meno.

Malisho ya mifugo Marekani yanasimamiwa na FDA, ambayo kituo chake cha tiba ya mifugo kiko Rockville, Maryland. Mfuko wa madini ya kondoo kwa kawaida huandikwa kiasi cha shaba. Mfugaji anasoma, kisha anaamua mwenyewe.

Kwetu sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345. Tanzania ilipitisha sheria ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo mwaka 2010. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haiokoi kondoo, na gunia lisilo na maandishi halimwambii mfugaji kitu.

Serikali zetu zina ugonjwa wa kuficha habari. Sisi tulioondoka nyumbani kwa sababu ya kalamu tunaujua vizuri. Hapa dawa yake ni ndogo: gunia liseme chumvi imetoka wapi, ipimwe shaba, risasi na floraidi, na kama ni ya ng'ombe tu, iandikwe hivyo kwa Kiswahili.

Kondoo watano kwa mjane ni karo ya shule. Asifanywe jalala la viwanda kwa sababu tu chumvi ni ya bei nafuu. Rahisi ghali.