Maabara Ndiyo Jicho la Hospitali

WAHENGA walisema kikulacho ki nguoni mwako. Usemi huo unafaa sana tunapozungumzia hatari moja inayokua kimya kimya katika wodi za wagonjwa, nayo ni maambukizo anayoyapata mtu akiwa tayari amelazwa hospitali. Mama hupasuliwa ili ajifungue salama, na siku ya nne kidonda chake kikatunga usaha. Mtoto mchanga hutiwa maji mshipani ili aokolewe, na kwa tundu lile lile viini vya maradhi vikapenya katika damu yake. Daktari huandika dawa, sindano zikadungwa kwa saa zake, na homa isishuke. Swali la kuulizwa saa hiyo ni moja tu: bakteria huyu ni nani, na ni dawa gani inayomwua?

Swali hilo halijibiwi kwa kumtazama mgonjwa usoni. Hujibiwa katika maabara. Maoni yetu ni kwamba hospitali isiyoweza kulijibu, hata ikiwa na majengo ya kupendeza na madaktari hodari, inatibu gizani. Kwa hiyo fedha za kupimia bakteria zisihesabiwe kuwa ni anasa inayoweza kusubiri mwaka mwingine.

Usugu wa bakteria dhidi ya dawa si jambo lililozuka jana. Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928, na alipoitoa hotuba yake ya Nobel mwezi Desemba 1945 alitahadharisha kwamba kuitumia dawa hiyo kwa kipimo pungufu kutawafundisha bakteria kuihimili. Dawa ya methisilini ilianza kutumika Uingereza mwaka 1959, na mwaka 1961 bakteria wa stafilokoki walioishinda walikwisha kuonekana huko huko. Basi atakayeketi kungoja dawa mpya ije imwokoe ajue kwamba nayo itakuja kuchakaa. Lisilochakaa ni kumjua adui kabla ya kumpiga.

Ushahidi hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti wa Tanzania na wa Norway waliotesha damu za watoto waliolazwa kati ya mwaka 2001 na 2002 wakiwa na dalili za maambukizo makali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba malaria, ugonjwa tunaouogopa sote, iliua asilimia 20.2 ya watoto walioipata, hali bakteria wa kundi la Gram hasi walipoingia katika damu waliua asilimia 43.5. Taarifa iliyotangulia, ya mwaka 2005, ilieleza kwamba bakteria hao walipokuwa na vimeng'enya vya kuzivunja dawa za aina ya penisilini na sefalosporini, vifo vilifikia asilimia 71, na wasipokuwa navyo, asilimia 39. Bila ya maabara, watoto hao wote wangeandikwa kuwa wamekufa kwa homa, na kisa kingekwisha hapo. Tunawapongeza waliopima na wakawa na ujasiri wa kutangaza.

Huenda baadhi ya wasomaji wakadhani kwamba kazi hiyo yataka mitambo ya ajabu. Sivyo. Damu, mkojo au usaha huchukuliwa kwa usafi kabla mgonjwa hajapewa dawa ya kwanza, ukaoteshwa katika lishe ndani ya sanduku la joto. Bakteria wakiota, fundi huwapaka rangi na kuwatazama kwa darubini, kisha huwatandaza juu ya kisahani cha agari na kuweka juu yake vikaratasi vya duara, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Baada ya saa 16 hadi 18 katika joto la nyuzi 35, dawa yenye nguvu huwa imefanya duara tupu kukizunguka kikaratasi chake. Isiyo na nguvu huzingirwa na bakteria mpaka ukingoni. Fundi hupima duara hilo kwa rula, milimita kwa milimita. Njia hii ilisanifiwa mjini Seattle, Marekani, mwaka 1966, na hata leo inategemewa duniani kote. Kikaratasi cha sefoksitini kikitoa duara la milimita 21 au pungufu, stafilokoki yule ahesabiwe sugu kwa methisilini. Duara la sefotaksimu likipanuka kwa milimita 5 au zaidi linapoongezwa asidi ya klavulaniki, basi vimeng'enya vya kuvunja dawa vimefichuliwa.

Na hiyo agari yenyewe hutoka baharini, katika mwani mwekundu ulio jamaa na mwani wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani. Elimu hii si ngeni kwa watu wa pwani kiasi hicho.

Pamoja na wepesi huo, hali bado ni dhaifu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, na kutangazwa mwaka 2022, ulikuta kwamba katika maabara za tiba zaidi ya 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikipima bakteria. Hata hivyo, visiwa vyetu haviwezi kusingizia udogo. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ilifunguliwa Wawi, Pemba, mwaka 2000, na kazi ya kuotesha damu za wagonjwa wa Pemba imefanyika humo. Ikiwa Wawi imewezekana, mahali pengine haishindikani.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa mahututi hawezi kungoja siku mbili au tatu za majibu. Ni kweli, wala hakuna anayemtaka angoje. Kipimo kichukuliwe, matibabu yaanze papo hapo, na majibu yakifika dawa ibadilishwe au ipunguzwe. Aidha, jibu la mgonjwa mmoja halimfai yeye peke yake. Majibu ya mwaka mzima yakikusanywa na kuwekwa katika jedwali, daktari wa zamu ya usiku atajua ni dawa gani bado inafaa katika hospitali yake. Na wagonjwa watatu wa wodi moja wakipatikana na bakteria wa aina moja mwenye usugu wa namna moja, maabara imekwisha kupiga mbiu: ikaguliwe mifereji, ndoo, vyombo, na kwanza kabisa mikono yetu. Sisi tuliofunzwa tangu chuoni kutawadha kabla ya kusimama mbele ya Mola, hatuna udhuru wa kumwendea mgonjwa kwa mikono michafu.

Kwa hiyo yatupasa kusema wazi. Viongozi wanaopanga bajeti wazipe chupa za kuoteshea damu, agari na vikaratasi vya dawa fungu lao maalumu, kwani darubini bila ya vitu hivyo ni pambo la mezani. Umeme wa sanduku la joto usikatike, na mafundi wapelekwe masomoni na wakirudi wabakizwe katika kazi waliyoisomea. Wakuu wa hospitali wasiyafiche maambukizo ya wodini kwa kuogopa lawama, maana mficha uchi hazai. Madaktari wapeleke vipimo kabla ya dawa ya kwanza, na wayasome majibu yanaporudi. Wananchi nao waache kununua vidonge viwili vitatu dukani kwa kila homa, kwani bakteria aliyezoeshwa dawa nyumbani ndiye anayeingia naye mgonjwa hospitali.

Mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na mwezi Septemba 2024 serikali za dunia ziliahidi katika Umoja wa Mataifa kupunguza vifo vinavyohusiana nao kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Ahadi hiyo haitatimizwa New York. Itatimizwa, au itavunjwa, katika chumba kidogo cha maabara ambamo fundi mmoja, asubuhi na mapema, anainamia kisahani akiwa na rula mkononi. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na ufa huu, ndugu wananchi, gharama ya kuuziba tunaimudu.