Siri ya Mgonjwa na Mpaka Wake

Watu wengi hapa Kisangani huogopa kusema mambo yao hospitalini. Mmoja huficha kidonda, mwingine huficha huzuni inayomkosesha usingizi, kwa kuwa waogopa kwamba kabla ya jua kutua habari itakuwa imefika sokoni na kanisani. Hofu hii huua watu.

Basi jueni ya kuwa sheria ya Kongo humlinda mgonjwa. Kifungu cha 73 cha sheria za adhabu chaonya hivi: mtu aliyekabidhiwa siri kwa ajili ya kazi yake, akiitoa, aweza kufungwa tangu mwezi 1 hata miezi 6, au kulipa faini. Neno hili latuhusu sisi wauguzi, na munganga pia, na kila asikilizaye shida za roho za wagonjwa. Lakini kifungu hicho kina milango 2: anapoitwa kutoa ushuhuda mbele ya tribinali, na pale sheria yenyewe inapomlazimisha kusema.

Tena mzee wa kanisa si tribinali. Siku moja mzee mmoja aliniuliza ugonjwa wa dada fulani, apate kumwombea. Nilimjibu, "Baba, mwombee tu, Mungu aujua ugonjwa wake." Hakufurahi. Lakini dada yule alirudi kuchukua dawa.

Je, mume mwenye virusi vya UKIMWI akisema, "Usimwambie mke wangu"? Sheria ya 14 Julai 2008 iliuweka wajibu juu yake mwenyewe: amwarifu mwenzake. Nionavyo mimi, muuguzi asikimbilie kwa mke kwa kificho, wala asinyamaze tu. Aketi na mume mara 1, mara 2, mara 3, hata apate nguvu za kusema. Amfundishe pia kwamba dawa zikimezwa vema kila siku humlinda yeye na mkewe. Mke akiachwa gizani, ndiye atakayeumia.

Kosa letu wauguzi ni kuahidi, "Sitamwambia mtu kamwe." Ahadi hiyo si kweli, maana tribinali yaweza kutuita. Tumwonyeshe mgonjwa mpaka huo kabla hajafungua moyo wake.

Nawe mgonjwa, uliza bila haya: "Nikisema, nani atajua?" Ni haki yako kujibiwa. Someni Mithali 11:13 nyumbani, mkaufikiri ulimi wenu.