Kabla ya Kulipa Ada

Mama mmoja wa Tunduma, muuza mchele karibu na mpaka wa Zambia, ana binti aliyemaliza kidato cha nne na anayetamani kutibu meno. Chuo kimoja kimekwisha kumdai ada kabla ya kuuliza alama za binti. Je, alipe?

Ndugu mzazi, tulia kwanza. Njia ni mbili. Ya kwanza ni stashahada ya utabibu wa meno, miaka 3, kwa aliyefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia katika kidato cha nne. Hapo jirani, Mbeya, kiko chuo cha Serikali kifundishacho kazi hiyo. Ya pili ni shahada ya udaktari wa meno: kidato cha sita kwa masomo hayo hayo, kisha miaka 5 chuoni Muhimbili, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 1979, na mwaka 1 wa utarajali.

Stashahada si aibu. Katika hospitali nyingi za wilaya, tabibu wa meno ndiye anayempokea mgonjwa aliyekesha kwa maumivu.

Hakikisha chuo cha stashahada kimesajiliwa na NACTVET, na chuo kikuu kinatambuliwa na TCU. Kisha nenda na binti mkakione. Ulizeni: viti vya kutibia ni vingapi, na wanafunzi wangapi hugawana kiti kimoja? Wagonjwa hutoka wapi? Mkono hujifunza kung'oa na kuziba jino mbele ya mwalimu, si kwa kunakili ubaoni.

Ada hiyo ndiyo mtaji wa mchele. Ikipotea, mwaka wa binti nao hupotea.