Kazi za Mikono Nyumbani: Pia, Pamba, na Mtoto wa Kiume

Mama mmoja wa Segerea ametuandikia habari za mwanawe wa kiume mwenye miaka 12. Mtoto huyu aliona picha ya pia ya kusokotea nyuzi katika kitabu, akajitengenezea ya kwake kwa kijiti cha mwanzi na kigae cha chungu. Sasa kila jioni, akiisha kuchota maji na kumaliza masomo, huketi barazani akisokota pamba. Jirani humcheka, husema hiyo ni kazi ya wanawake. Na baba yake, ambaye hapendi mwanawe achekwe, amesema ataivunja pia ile. Mama auliza: Je, kazi hii yamfaa mtoto wa kiume? Na je, yaweza kumletea fedha?

Tulijibu kwanza swali la pili, maana jibu lake ni fupi. Haiwezi. Mwalimu yeyote na awape watoto hesabu hii ubaoni. Shuka ya urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, yenye nyuzi 10 katika kila sentimeta, yataka nyuzi 1,000 za mtande, kila uzi mita 2. Hizo ni mita 2,000. Mshindio wataka nyuzi 2,000 za mita moja moja. Ni mita 2,000 nyingine. Jumla mita 4,000, mbali na zitakazokatika na kupotea. Mtoto akisokota mita 50 kwa saa, atamaliza baada ya saa 80, wala hajafuma bado hata upana wa kidole. Nani atamlipa saa hizo, na Kariakoo kanga zimepangwa marundo kwa marundo? Mtu akija mlangoni kuwauzia vifaa kwa ahadi ya utajiri wa nyuzi za mkono, mpeni maji ya kunywa, kisha aende zake.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyowashinda wazee wetu. Sultani Seyyid Said wa Unguja alipatana na Marekani kwa mkataba wa mwaka 1833, na vyombo vya Salem katika jimbo la Massachusetts vikaleta nguo nyeupe ya pamba, ngumu na ya bei nafuu, ambayo mpaka leo twaiita merikani. Ikapakiwa vichwani mwa wapagazi, ikafika Unyamwezi na Ujiji, ikawa kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliipunguza, lakini nguo za Uingereza na za Bombay zikaingia mahali pake. Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, alikuta wafumaji bado kazini na vitanda vyao vya kufumia. Hawakuacha kwa uvivu. Mtu mwenye busara hasokoti saa 80 kwa kitu apatacho kwa kibaba cha mtama. Baadaye mashine zilikuja kwetu wenyewe: kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, wala Ubungo si mbali na Segerea.

Sasa swali la kwanza, ambalo ndilo zito, maana hapa moyo wa mtoto umo hatarini, si pamba tu.

Wasomaji wengi walikutana na neno pia katika sura ya 31 ya Mithali, nalo latajwa pale mkononi mwa mke mwema. Labda ndiko jirani alikotoa hoja yake. Lakini sura ile yamsifu mke kwa bidii yake, haimkatazi mume. Na tukitazama nchi zetu hizi, Livingstone alipozunguka upande wa Nyasa katika miaka ya 1860 aliwaona wanaume wakisokota pamba, hata wakuu wa vijiji wakiwa na pia mkononi na mfuko wa pamba ubavuni. Gandhi naye, aliyekuwa mwanasheria, alisokota kila siku, akawataka wanaume na wanawake wa India wafanye vivyo hivyo. Ni kweli kwamba Ethiopia desturi ni nyingine: kule wanawake husokota, na wanaume hufuma. Basi kila nchi imegawa kazi kwa namna yake, na mgawanyo wa nchi moja si sheria ya nyingine. Hata hapa pwani hakuna amchekaye mvuvi akisokota kamba ya chombo chake. Kamba ni nini ila uzi mnene? Bwana aliyetaka kuivunja pia, twamwomba afikiri neno hili kabla hajainua mkono. Na jirani kucheka atachoka.

Tena kigae kile cha mtoto kina ukoo mkubwa kuliko ajuavyo yeye. Neville Chittick alipofukua Kilwa Kisiwani, kazi aliyoitoa katika vitabu viwili mwaka 1974, alipata vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, navyo ni vizito vya pia. Waliokaa katika majumba yale ya mawe walivunja vyungu kama sisi, wakaokota vigae, wakatoboa, wakasokota. Vya namna hiyo vilipatikana vilevile Shanga, katika kisiwa cha Pate. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za Mogadishu zilipelekwa hata Misri. Na Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika neno linalotupendeza zaidi ya yote: watu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba yao, na kwa kuwa hawakuwa na rangi, walinunua nguo za buluu za Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Fikirini uvumilivu huo!

Haya, na tumsaidie mtoto afanye vizuri. Kwanza pamba. Asitumie sufi ya mito; nywele zake ni telezi, hazishikamani, atalia bure. Pamba ya duka la dawa yasokoteka, lakini kwa shida. Iliyo bora ni pamba yenye mbegu, kama jamaa wa Mwanza au Shinyanga aweza kumletea kidogo. Mbegu hutolewa kwa kuiweka pamba juu ya ubao laini na kuviringisha juu yake fimbo nyembamba ya chuma. Mbegu huruka mbele, pamba hubaki. Kisha huchambuliwa kwa vidole mpaka iwe nyepesi kama wingu, na kuviringishwa katika kijiti kuwa kipande mfano wa kidole.

Uwele wa pamba ni mfupi, kama sentimeta 3 tu, na kwa sababu hiyo pia nzito ikining'inia hukata uzi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Dawa yake iko jikoni: ncha ya chini ya pia ikae ndani ya kifuu cha nazi, izunguke humo kama pia ya mchezo, ili uzi usibebe uzito wowote. Mkono wa kuume huzungusha, wa kushoto huvuta pamba polepole kwenda juu. Uzi ukikatika, fungua ncha kidogo, laza pamba mpya juu yake, zungusha tena. Fundo halihitajiwi.

Akiisha kuzoea, na afikirie gurudumu, ambalo Wahindi huliita charkha. Neno letu cherehani ni la ukoo huo huo. Ringi kuukuu ya baiskeli yatosha. Kipenyo chake kikiwa sentimeta 60, na kigurudumu cha pia sentimeta 2, mzunguko mmoja wa mkono huizungusha pia mara 30. Fundi wa baiskeli aweza kumsaidia kuifunga kwenye ubao, na baba pia aweza kuushika ubao huo.

Nyuzi mbili zikiwekwa pamoja na kusokotwa kinyume cha njia ya kwanza, hupatikana uzi wenye nguvu, ufaao kushonea mkeka au kufumia kofia. Uzi mpya hupenda kujikunja. Auviringe katika kipande cha mti, auchemshe kwa maji kidogo, na kuuacha ukauke ungali umevutwa. Ukitoka hapo utatulia.