Mlima Nao Una Dhoruba Zake

Mtu wa Visiwani huihesabu safari ya nchi kavu kuwa salama kuliko safari ya bahari. Akishateremka bandarini Dar es Salaam, huona kwamba hatari ameiacha nyuma yake. Fikira hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, kwani wapo vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaofunga safari ya siku nne au tano, kwa gari, wakapitia Mkata wilayani Handeni hadi Korogwe, kisha wakapanda milima ya Usambara na kulala katika mahema.

Safari hizo ni njema, nasi tunaziunga mkono. Kijana aliyeuona msitu wa Nilo, mashamba ya chai ya Ambangulu na bonde la Lwengera linalozitenga Usambara ya Mashariki na ya Magharibi, ameijua nchi yake kuliko aliyeisoma katika ramani tu.

Hata hivyo, hali ya hewa ya huko si ya kuchezewa. Mji wa Korogwe uko kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari, hali vilele virefu vya Usambara ya Magharibi hupita mita 2,200. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita hivi. Upepo wenye unyevu unaotoka katika bahari hii hii yetu huigonga milima hiyo, ukapanda, ukapoa na kugeuka mawingu. Kwa hiyo aliyeliacha jua kali la Korogwe adhuhuri aweza kujikuta ndani ya ukungu na manyunyu kabla jua halijatua. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini huko juu mawingu na mvua huweza kufika pamoja. Na mtu aliyechoka, aliyelowa nguo na kupigwa na upepo usiku kucha, baridi yaweza kumuua hata katika nchi yetu hii ya joto.

Hatari ya pili iko bondeni. Mvua inayonyesha mlimani hushuka kwa mito, na mto huweza kufurika mahali ambapo mbingu ni nyeupe. Aliyepiga hema ukingoni hana habari mpaka maji yamfikie. Oktoba 2019 mvua za vuli zilileta mafuriko wilayani Handeni na Korogwe. Watu walipoteza maisha, na mawasiliano ya barabara baina ya wilaya hizo yalikatika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaua watu zaidi ya 80. Nasi tukumbuke kwamba Desemba ni mwezi wa likizo za skuli, na vuli huwa bado haijakwisha.

Bahari imekwisha kutufunza somo hili kwa gharama kubwa. Mv. Skagit ilizama Julai 2012 karibu na Chumbe hali bahari imechafuka. Hakuna leo anayebisha kwamba nahodha anapaswa kujua habari za hali ya hewa kabla ya kung'oa nanga, na kwamba majina ya abiria yanapaswa kuandikwa. Basi kwa nini gari lenye vijana ishirini liingie milimani pasipo mtu kujua majina yao, njia yao wala siku yao ya kurudi?

Tunatoa rai kwa viongozi wa Korogwe na Handeni, na kwa Wakala wa Huduma za Misitu, kwamba liwepo daftari katika kila lango la hifadhi na katika ofisi za vijiji ambavyo wapandaji hupitia, na asiyerudi kwa siku aliyoiandika aanze kutafutwa. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zibandikwe kila asubuhi katika vituo vya mabasi vya Mkata, Korogwe na Mombo, kwani si kila msafiri anayesikiliza redio. Penye vivuko vya mito visimikwe vigingi vyenye alama ya kina cha maji, na dereva akiona alama imefunikwa asivuke.

Wapo watakaosema kwamba masharti hayo yatawafukuza wageni. Hatukubaliani nao. Daftari na kalamu si mzigo kwa halmashauri, na kijana wa kijijini anayeijua njia, akilipwa ujira wa kuwaongoza wageni, atanufaika kuliko sasa. Kinachomfukuza mgeni ni habari ya maiti iliyookotwa mtoni.

Na sisi Visiwani tunao wajibu wetu. Skuli au chama cha vijana kisitoe ruhusa ya safari kama hiyo bila ya kuwa na orodha ya majina, nguo za baridi na za mvua kwa kila mmoja, na siku moja ya akiba katika ratiba. Siku hiyo ya akiba ndiyo inayomwezesha kiongozi wa msafara kusema, "Leo hatupandi," bila ya kuona haya. Baharini huyo tungemwita nahodha mwenye busara. Mlimani tusimwite mwoga.