Dau juu ya Mambo Yajayo



Nilipoanza kazi katika stesheni moja ndogo, tulikuwa na mchezo wetu wa kuwekeana dau: je, gari la mizigo la usiku litafika kwa saa yake au litachelewa? Mwenzetu mmoja alikuwa akishinda karibu kila mara, nasi tukisema ana bahati. Baadaye ndipo tulipotambua kwamba zamu yake ilikuwa karibu na simu. Alisikia gari likiondoka stesheni ya nyuma kabla hajaweka shilingi yake. Mimi nilipoteza pesa za unga wa wiki nzima, na mke wangu hakuniamini nilipomweleza zilikokwenda.

Nayakumbuka hayo kwa sababu ya biashara iliyokua sana huko Marekani. Kampuni kama Kalshi na Polymarket huuza hati juu ya jambo lijalo, kwa mfano nani atashinda uchaguzi. Jambo likitokea, mwenye hati ya "ndiyo" hulipwa dola 1. Lisipotokea, hapati kitu. Hati ikiuzwa senti 60, maana yake wanunuzi waona uwezekano ni 60 katika 100. Kampuni zasema hii si kamari, bali ni soko kama lile la kuuza mahindi yasiyovunwa bado.

Serikali yao haikukubali upesi. Januari 2022 Polymarket ilitozwa faini ya dola milioni 1.4 kwa kuendesha soko bila kusajiliwa. Lakini Septemba 2024 jaji wa Washington aliamua kwamba Kalshi yaweza kuuza hati za uchaguzi, na mwaka 2025 serikali ikaacha rufaa yake.

Mimi sigombani juu ya jina. Nauliza tu: ni nani aliye karibu na simu? Mkulima hawezi kuzuia mvua ili bei ya mahindi ipande. Lakini mengi yanayouzwa huko yamo mikononi mwa watu wachache, ambao waweza kuyafanya yawe au yasiwe.

Sheria ya Marekani ya 2010 yairuhusu tume ya serikali kuzuia hati juu ya vita, ugaidi, mauaji ya kisiasa na kamari. Mgomo haukutajwa. Basi fikirini: katibu ameketi mezani na waajiri, na mfukoni ana hati itakayomlipa tusipogoma. Atamsemea nani? Na tajiri ajuaye atakachokubali kesho asubuhi, atashindwa kuweka pesa usiku?

Wengine husema soko hili hutabiri vizuri kuliko magazeti. Huenda. Hata yule mwenzetu wa simu alitabiri vizuri sana.

Kwa kuwa simu zetu za mkononi hazijui mpaka wa nchi, naiomba halmashauri ya tawi ilete jambo hili katika mkutano ujao: mjumbe yeyote wa kamati ya mapatano asiweke hata senti juu ya mgomo, mishahara, wala watu kuachishwa kazi. Akionekana ameweka, atoke katika kamati siku hiyo hiyo.