Vijana wa Ramisi Wapewe Baiskeli na Spana

Kiwanda cha sukari cha Ramisi, ambacho miwa yake ilianza kupandwa katika miaka ya 1920, kilifungwa mwaka 1988. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na watoto hao hawakijui kiwanda kile ila kwa hadithi za babu zao: nani alikuwa mkata miwa, nani alikuwa fundi wa mitambo, nani alikuwa karani. Baadaye ilikuja kampuni nyingine ya sukari, Kwale International, na pamoja nayo yakaja mabishano ya ardhi ambayo wenyeji wanayafahamu kuliko mimi. Kisha ukaja mchanga wa madini wa Base Titanium, ambao ulianza kusafirishwa ng'ambo mwaka 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Kila mara kazi hufika Kwale kwa vishindo na kuondoka kwa vishindo, na anayebaki njia panda ni kijana.

Ninaposema kijana nina maana ya yule wa miaka 14 hadi 18, aliyeacha shule au aliye karibu kuiacha. Huyu ndiye anayetafutwa na kila mwenye nia mbaya. Huko Diani na Ukunda wapo wauza unga, na ufuoni wapo wageni wasiokuja kuogelea tu. Mwaka 2006 shirika la UNICEF, likishirikiana na Serikali, lilitoa ripoti iliyokisia kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakiuza miili yao katika miji ya kitalii ya pwani, Diani ikiwamo. Halafu wapo wale waliowanong'oneza vijana wetu habari za kuvuka mpaka kwenda Somalia kupigana. Jambo hili lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 2017 Kaunti ya Kwale ilitangaza mpango wake wenyewe wa kupambana na siasa kali. Mipango kama hiyo ina semina nyingi. Sina ugomvi na semina, lakini kijana akitoka seminani saa kumi jioni huwa anakwenda wapi?

Mimi napendekeza aende kwenye karakana ya baiskeli.

Wapo watakaocheka. Watasema baiskeli ni chombo cha mzee wa madafu, na kwamba dunia sasa ni ya pikipiki. Lakini hawa wanasahau mambo mawili. Kwanza, boda boda yenyewe ilizaliwa na baiskeli, kule Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, na pikipiki ilikuja kuirithi kwa kishindo tangu Serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008. Pili, pikipiki haimfai mtoto wa miaka 15. Hana leseni, mafuta yanamla, na mara nyingi chombo si chake bali ni cha tajiri anayedai hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Hapo ndipo mtoto anapokimbizwa barabarani na deni, na sote tunajua wodi za mifupa zimejaa akina nani.

Tena baiskeli si mgeni katika utamaduni wa Mpwani. Sisi tulijifunza kuiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, maana tandiko lilikuwa juu kuliko vichwa vyetu, na aliyeweza kufika sokoni na kurudi bila kuchubuka magoti alihesabiwa mtu. Baiskeli ilibeba samaki, nazi, makaa, wagonjwa na maharusi. Fundi wa baiskeli chini ya mwembe alikuwa mtu wa heshima, na barazani kwake ndipo habari zote za mji zilipopimwa. Kwa hiyo sipendekezi kitu cha kigeni kiletwe na wafadhili. Napendekeza tukiokote kitu chetu tulichokiangusha.

Mfano upo hapa hapa Kenya. Katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, mwanabaiskeli David Kinjah amefanya nyumba yake kuwa kambi ya vijana kwa miaka mingi. Kundi lake huitwa Safari Simbaz. Wengi wa vijana waliopita hapo walitoka katika nyumba zenye dhiki, na baadhi walikuwa wameacha shule. Hapo hujifunza kukaza spoki, kuziba pancha, kufungua na kufunga gurudumu, kupika, kuosha vyombo, na kisha kupanda milima kwa baiskeli. Wakubwa huwafundisha wadogo. Kinjah mwenyewe aliwahi kusajiliwa na timu ya Italia, na angeweza kukaa na sifa zake. Aliamua kukaa na watoto.

Watu wengi humfahamu Kinjah kwa sababu ya mtoto mmoja wa Kizungu, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kupelekwa kwake na mama yake angali mdogo. Mwaka 2006 wawili hao waliiwakilisha Kenya pamoja katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Froome baadaye alihamia bendera ya Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Ni habari tamu, lakini naona imetumiwa vibaya. Magazeti huandika kana kwamba faida ya Mai-a-Ihii ni bingwa mmoja. Faida yake ni wale wasioandikwa, waliotoka pale wakiwa na ufundi mikononi na jina jema mtaani. Kijana wa Ramisi haihitaji Ufaransa. Anahitaji mahali anapongojewa saa tisa alasiri, na mtu atakayemuuliza jana alikuwa wapi.

Na kuna jambo moja la utaratibu ambalo nadhani ndilo moyo wa kazi hii. Baiskeli isigawiwe bure. Huko Boston, Marekani, kuna chama kilichoanzishwa mwaka 1984 kwa jina la Bikes Not Bombs, yaani baiskeli badala ya mabomu, ambacho hapo mwanzo kilikuwa kikipeleka baiskeli kuukuu Nicaragua wakati wa vita. Baadaye kiliwageukia vijana wa mitaani kwake: kijana huchagua baiskeli mbovu, huitengeneza mwenyewe kwa wiki kadhaa chini ya fundi, na siku ikisimama juu ya magurudumu yake inakuwa mali yake. Sharti hili lina akili nyingi. Kitu cha kupewa huuzwa kabla ya Ijumaa, lakini kitu ulichokifungua nati kwa nati hukiuzi upesi. Na hata ukikiuza, ufundi unabaki nawe.

Nimeona misaada ya baiskeli ikiletwa kwa picha na hotuba, na baada ya miezi sita zote zimeegemezwa ukutani kwa kukosa tyubu na mnyororo. Kwa hiyo anayetaka kusaidia na aanze na fundi, vipuri na spana, ndipo baiskeli zifuate.

Sasa wasichana. Hapa najua nitapingwa na baadhi ya wazee wangu, nao nawaheshimu. Watasema msichana juu ya baiskeli ni kukosa haya. Lakini baiskeli isiyo na chuma cha juu ilitengenezwa kwa ajili ya mwenye kanzu ndefu, na stara na usukani havijawahi kugombana. Linalomvunjia msichana heshima ni kule kutembea mwendo mrefu peke yake asubuhi na jioni, akisimamishwa na kila mwenye pikipiki anayempa lifti ya bure ambayo kwa kweli si ya bure. Katika jimbo la Bihar, India, ambako watu wana haya zao na mila zao kama sisi, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa fedha za baiskeli wasichana wanaoingia darasa la tisa. Wachumi Muralidharan na Prakash walipochunguza waliona uandikishaji wa wasichana katika shule za sekondari uliongezeka kwa asilimia 32. Wazazi wa huko walizoea, na hata sisi tutazoea.

Ramisi inafaa kuliko sehemu nyingi. Nchi yake ni tambarare, njia za katikati ya miwa ni pana, na anayetaka mlima anao Shimba Hills. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga ndiyo ninayoiogopa, kwa kuwa malori hayamwonei huruma mtu, na Kaunti italazimika kufikiria kijia cha pembeni, angalau pale darajani na karibu na shule. Wateja wa karakana watakuwapo: baiskeli za wenyeji, na zile zinazokodishwa kwa watalii Diani, ambazo pia hupata pancha.

Kaunti ya Kwale imetumia fedha nyingi katika misaada ya masomo ya Elimu ni Sasa, nayo imewainua wengi. Lakini msaada wa karo humfikia aliye shuleni. Aliyekwisha toka hana fungu lake. Makadirio ya bajeti hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni yao. Wadi ya Ramisi ina mwakilishi wake. Na aulizwe hapo, mbele ya watu, kuhusu banda moja la mabati, fundi mmoja wa kulipwa mshahara, seti mbili za spana na baiskeli mbovu 20 za kuanzia.